Vyama vya udugu vyuoni Marekani: Kimbilio la mgeni au mtego?

KILA mwaka mwezi wa Agosti, vyuo vikuu vya Marekani vinapofungua milango kwa muhula mpya, mwanafunzi aliyetoka Kenya hukutana na jambo ambalo hakuna aliyemtayarisha kwalo. Kandokando ya njia za chuo huwa pamepangwa meza, na nyuma ya meza hizo wamesimama vijana wachangamfu waliovaa fulana zenye herufi mbili au tatu za Kigiriki. Humwita kwa bashasha, humwalika kwa chakula, humuuliza ametoka wapi na anasomea nini. Wao si klabu ya kandanda wala ushirika wa kanisa. Ni vyama vya udugu vya wanafunzi, na wanachotafuta ni wanachama wapya.

Mzazi aliyebaki Voi au Kakamega anapopigiwa simu na kuelezwa kwamba mwanawe anakusudia kujiunga na chama chenye viapo na siri, moyo humruka. Hofu hiyo haikuzuka bure. Wakenya wengi wanakumbuka tume iliyoundwa na Rais Daniel arap Moi mwaka wa 1994 kuchunguza madai ya ibada za shetani nchini, na tangu wakati huo kila kikundi chenye ishara za faragha hutazamwa kwa jicho la shaka. Hata hivyo, siri ya vyama hivi ndiyo jambo dogo zaidi la kumkosesha mzazi usingizi. Aliyepitia jando anafahamu kwamba kuna mambo yasiyosimuliwa nje, na wala si lazima yawe maovu. Maswali mazito ni mawili: je, chama kinamdai mwanachama afanye nini ili akubalike, na akishakubalika kitamfaa vipi?

Majibu yake yanapatikana katika historia ya vyama vyenyewe.

Chama cha kwanza cha wanafunzi kujiita kwa herufi za Kigiriki kilikuwa Phi Beta Kappa. Kilianzishwa Desemba 5, 1776 katika Chuo cha William and Mary, mjini Williamsburg, jimbo la Virginia, miezi mitano tu baada ya makoloni ya Marekani kujitangazia uhuru kutoka kwa Uingereza. Masomo ya wakati huo yalijaa Kilatini na Kigiriki cha kukaririwa, na wanafunzi walitamani mahali pa kujadiliana juu ya mambo ya zama zao pasipo mwalimu kuwachungulia. Wakajitungia kiapo, nishani na namna ya pekee ya kupeana mikono. Mengi ya hayo yalifanana na desturi za Freemason, chama ambacho kilikuwa na wafuasi wengi miongoni mwa wasomi na wafanyabiashara wa makoloni hayo.

Jeshi la Uingereza lilipokaribia Williamsburg mwaka wa 1781, tawi hilo mama lilifunga shughuli zake. Kwa bahati lilikuwa limekwisha kutoa idhini ya kuanzishwa kwa matawi katika vyuo vya Yale na Harvard, na mbegu haikupotea. Kadiri miaka ilivyopita Phi Beta Kappa iliacha siri zake na kugeuka kuwa jumuiya ya heshima, ambayo humwalika mwanafunzi kwa sababu ya ubora wa masomo yake. Hadi leo ndivyo ilivyo. Kwa hivyo herufi za Kigiriki zisimpotoshe mtu: kuna jumuiya za waliofaulu sana masomoni, kuna za wanataaluma kama vile wahandisi na wanabiashara, na kuna vyama vya udugu vyenyewe, ambavyo ndivyo vinavyozungumziwa hapa.

Vyama hivi vya udugu vilichipuka katika Chuo cha Union, mjini Schenectady, jimbo la New York. Kappa Alpha Society kiliundwa huko mwaka wa 1825, na miaka miwili baadaye vikafuata Sigma Phi na Delta Phi. Wakuu wa vyuo hawakupendezwa. Waliona kwamba vijana wanajitenga na kuapa utiifu kwa wenzao badala ya chuo. Lakini vyuo vingi havikuwa na mabweni ya kutosha, na vyama vilipoanza kununua nyumba zao wenyewe katika karne hiyo ya kumi na tisa, upinzani ulififia. Nyumba ilileta mabadiliko makubwa. Chama cha kukutana Jumamosi jioni kiligeuka kuwa maskani yenye jiko, mpishi, deni la benki na paa linalovuja, na vijana wa miaka 20 wakalazimika kujifunza kuyasimamia hayo yote.

Wanawake hawakubaki nyuma. Mwaka wa 1851 wasichana wa chuo cha Wesleyan kilichoko Macon, jimbo la Georgia, waliunda jumuiya iliyokuja kuitwa Alpha Delta Pi. Vyama vingine vya udada vilifuata katika miaka ya 1870, vyuo vilipozidi kuwafungulia wanawake milango.

Hata hivyo, udugu huo ulikuwa na mipaka, na mipaka yenyewe ilikuwa ya rangi na dini. Katika vyama vingi vikubwa mlango ulikuwa wazi kwa Mzungu Mkristo, hasa Mprotestanti, mwenye uwezo wa kulipa ada. Weusi na Wayahudi walizuiwa, aghalabu kwa vifungu vilivyoandikwa wazi katika katiba za vyama, na baadhi ya vifungu hivyo vilidumu hadi miaka ya 1950 na 1960. Walioachwa nje waliamua kujijengea vyao. Pengine katika historia yote ya vyama hivi hakuna sura yenye mafunzo mengi kwa mwanafunzi wa Kiafrika kuliko hii.

Katika mwaka wa masomo wa 1904 hadi 1905 palikuwa na wanafunzi weusi sita katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York, ambao mwaka uliofuata hawakurejea. Idadi ya sita yaweza kuonekana ndogo, lakini wanafunzi weusi katika chuo hicho walikuwa wachache kiasi kwamba pengo lao lilionekana dhahiri. Waliobaki walitambua kwamba adui yao hakuwa ugumu wa hesabu wala kemia. Ulikuwa upweke. Wenzao Wazungu walikuwa na nyumba, walikuwa na ndugu waliotangulia kufanya mitihani ile ile, walikuwa na watu wa kuwatetea. Wao walirudi kila mmoja chumbani kwake na kusoma peke yake. Baadhi yao walizifahamu fika nyumba za vyama hivyo, kwa kuwa walijipatia karo kwa kuwahudumia mezani vijana waliokuwa wakiishi humo.

Walianza kwa kukutana katika nyumba za familia za Wamarekani weusi mjini humo, wakisoma pamoja na kujadiliana. Kisha wakavutana. Wengine walitaka kikundi kibaki kuwa jamii ya usomaji na midahalo, wengine wakasisitiza kiwe udugu kamili. Mvutano huo haukuwa wa maneno matupu. Jamii ya usomaji humwacha mtu siku anapohitimu. Ndugu hamwachi nduguye. Desemba 4, 1906 upande wa udugu ulishinda, na vijana saba wakaunda Alpha Phi Alpha, chama cha kwanza cha udugu cha wanafunzi weusi kilichodumu na kuenea katika vyuo vingi.

Matokeo ya saba hao yanafaa kutajwa. Eugene Kinckle Jones alikuja kuongoza National Urban League, shirika lililowasaidia weusi waliohamia mijini kutafuta kazi na makao. Vertner Tandy alikuwa msanifu majengo mweusi wa kwanza kusajiliwa katika jimbo la New York. George Kelley alikuwa mhandisi, naye Henry Callis akawa daktari.

Mfano wao uliigwa upesi. Wanawake wa Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, waliunda Alpha Kappa Alpha mwaka wa 1908, na Delta Sigma Theta mwaka wa 1913. Kappa Alpha Psi na Omega Psi Phi vilizaliwa mwaka wa 1911, Phi Beta Sigma 1914, Zeta Phi Beta 1920 na Sigma Gamma Rho 1922. Mwaka wa 1930 liliundwa baraza la kuviunganisha vyama hivi. Cha tisa, Iota Phi Theta, kilianzishwa mwaka wa 1963 katika chuo cha Morgan State, jimbo la Maryland, na kwa pamoja vyama vyote hujulikana kama Tisa Tukufu.

Kinachovitofautisha na vyama vingi vya Wazungu ni kwamba uhai wake hauko chuoni pekee. Vina matawi ya waliohitimu katika miji mingi, na mtu aweza hata kujiunga baada ya kupata shahada yake ya kwanza. Martin Luther King, mathalani, alijiunga na Alpha Phi Alpha mwaka wa 1952 alipokuwa akisomea uzamifu katika Chuo Kikuu cha Boston. Ajuza wa miaka 80 huhudhuria mkutano wa kila mwezi, hulipa ada na hutumwa kazi kama msichana wa miaka 20. Anayelielewa rika la Kiafrika ataona kwamba wazo hili halina ugeni wowote.

Hapa ndipo manufaa ya kujiunga yanapoonekana. La kwanza ni la masomo na malezi. Matawi mengi humtaka mwanachama adumishe kiwango fulani cha alama, na mgeni hupata mwenzake wa mwaka wa tatu au wa nne anayejua mhadhiri yupi wa kuepukwa, kitabu kipi si lazima kinunuliwe, na ofisi gani hutoa msaada wa karo. Aliyefika ugenini bila mjomba wala shangazi anajua thamani ya mtu kama huyo.

La pili ni kazi. Mwaka wa 2018 wachumi wa Chuo cha Union, kule kule vyama vilikochipukia, walichapisha uchunguzi kuhusu wanaume waliohitimu kutoka chuo kimoja cha kaskazini mashariki mwa Marekani. Walikadiria kwamba uanachama ulishusha wastani wa alama kwa robo ya pointi, katika kipimo cha 0 hadi 4, lakini ukapandisha mapato ya baadaye kwa asilimia 36 hivi. Uchunguzi wa chuo kimoja hauwezi kuchukuliwa kuwa sheria ya vyuo vyote. Hata hivyo, unathibitisha jambo ambalo waajiri na waajiriwa wengi wa Marekani hulisema waziwazi: kwamba kujuana kunalipa. Haishangazi basi kwamba marais Gerald Ford, Ronald Reagan, George Bush na mwanawe George W. Bush wote walikuwa wanachama wa vyama hivi. Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais kuanzia 2021 hadi 2025, alijiunga na Alpha Kappa Alpha akiwa Howard, na dada zake wa chama walikuwa miongoni mwa waliompigia kampeni kwa ari kubwa.

La tatu, ambalo halina budi kupewa uzito kuliko yote, ni utumishi. Mnamo Machi 1913, wiki chache tu baada ya kuunda chama chao, wasichana wa Delta Sigma Theta walijitokeza katika maandamano makubwa ya kudai haki ya wanawake kupiga kura jijini Washington, ingawa baadhi ya waandamanaji Wazungu hawakutaka kuwaona pale. Kuanzia 1935 hadi 1942 wanachama wa Alpha Kappa Alpha walikwenda vijijini katika jimbo la Mississippi kila msimu wa kiangazi, wakiwachanja watoto na kuwatibu maskini ambao hawakuwa na daktari. Alpha Phi Alpha nacho kilibuni wazo la kujenga mnara wa kumbukumbu ya Martin Luther King, kikalishikilia tangu 1984, na mnara huo ukazinduliwa rasmi jijini Washington mnamo Oktoba 2011. Miaka 27 si haba kwa chama kilichoanzishwa na wanafunzi.

Utumishi huo umefika hata Kenya. Katika miaka ya 1960 Delta Sigma Theta kilichangia ujenzi wa huduma za uzazi katika hospitali ya misheni mjini Thika, ambayo leo inajulikana kama Mary Help of the Sick. Si ajabu wapo Wakenya wengi waliozaliwa hapo ambao hawajapata kulisikia jina la chama hicho.

Uhusiano wa pili ni wa kisiasa. Thurgood Marshall, mwanachama wa Alpha Phi Alpha tangu siku zake katika Chuo cha Lincoln, jimbo la Pennsylvania, ndiye wakili aliyeshinda kesi iliyoharamisha ubaguzi katika shule za umma za Marekani mwaka wa 1954. Mapema mwaka wa 1960 alialikwa London katika mkutano wa Lancaster House kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika kutoka Kenya, na akaandika rasimu ya sheria ya haki za kimsingi kwa ajili ya taifa lililokuwa likielekea uhuru. Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria, waliosoma pia Lincoln, walikuwa wa Phi Beta Sigma. Haitakuwa haki kudai kwamba chama ndicho kilichowafanya watu hao wawe viongozi. Lakini walipokuwa vijana wageni au wanyonge, chama kiliwapa mahali pa kuzoea kusimama mbele ya wenzao na kusema.

Marshall huyo huyo aliwahi kusimamishwa masomo kwa kushiriki katika kuwanyanyasa wanafunzi wapya. Na hapa makala haya hayana budi kugeukia upande wa kiza.

Wakenya waliosoma shule za bweni wanaufahamu unyanyasaji huo bila kufafanuliwa. Ni yale yanayompata "mono" usiku wake wa kwanza, isipokuwa wanaotenda ni watu wazima na mara nyingi pombe ipo tele. Anayetaka kujiunga hulazimishwa kunywa kupita kiasi, hunyimwa usingizi, hupigwa au hudhalilishwa kwa kisingizio cha kupima uaminifu wake. Kwa mujibu wa takwimu za mwanahabari Hank Nuwer, aliyefuatilia suala hili kwa miongo mingi, hakuna mwaka kati ya 1959 na 2021 uliopita bila angalau kifo kimoja kilichotokana na unyanyasaji wa aina hii nchini Marekani, vingi vikiwa katika vyama vya wanafunzi.

Kisa cha Februari 2017 katika Chuo Kikuu cha Penn State kiliitikisa nchi nzima. Mwanafunzi wa miaka 19 alinyweshwa vileo vingi katika muda wa saa moja na nusu hivi, akaanguka ngazini na kujeruhiwa vibaya. Kamera za nyumba hiyo zilionyesha ndugu zake wa usiku mmoja wakimruka na kumpita. Hakuna aliyepiga simu kuomba msaada hadi asubuhi ilipofika, na kijana huyo akafa. Hao ndio waliokuwa wakimwapisha udugu.

Juhudi za kuzuia mambo haya hazikuanza jana. Baraza la vyama tisa vya weusi lilipiga marufuku mwaka wa 1990 kipindi kirefu cha majaribio alichopitia mwanachama mpya, kwa kuwa ndicho kilichokuwa chaka la mateso. Baraza la vyama vya wanaume, ambalo wanachama wake wengi ni vyama vya asili ya Wazungu, liliamua mwaka wa 2018 kwamba vileo vikali viondolewe katika nyumba za matawi. Pamoja na hayo, marufuku ina tabia ya kuusukuma uovu mafichoni badala ya kuumaliza, na yapo matawi yanayoendelea na mateso mbali na macho ya chuo. Wala ubaguzi haujafutika kabisa. Mwaka wa 2015 tawi moja katika Chuo Kikuu cha Oklahoma lilifungwa baada ya video kuwaonyesha wanachama wake wakiimba kwa furaha kwamba mtu mweusi hatakubaliwa kamwe miongoni mwao.

Kwa mwanafunzi wa Kenya kuna mambo mengine mawili ambayo mwenyeji huenda asiyafikirie. Moja ni fedha. Mbali na ada ya kuingia kuna ada za kila muhula, mavazi, safari na michango, ilhali mwenye viza ya mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi kwa saa 20 pekee kwa wiki wakati wa muhula, tena ndani ya chuo. La pili ni sheria. Kenya mtu huruhusiwa kunywa pombe akitimiza miaka 18, lakini Marekani ni 21. Kijana wa Kimarekani akikamatwa katika karamu ya chama hulipa faini na kurudi bwenini. Mgeni aweza kuiweka viza yake hatarini na kukatiza masomo ambayo huenda ukoo mzima ulifanya harambee kuyagharamia.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kuchunguza tawi sasa ni rahisi kuliko zamani. Desemba 2024 Rais Joe Biden alitia saini sheria inayovitaka vyuo vihesabu visa vya unyanyasaji wa wanachama wapya, na vichapishe kwenye tovuti zao ripoti inayovitaja kwa majina vyama vilivyopatikana na hatia pamoja na adhabu vilizopewa. Ripoti za kwanza zilitakiwa kutolewa kufikia mwisho wa 2025, na hufanyiwa marekebisho mara mbili kwa mwaka. Inafaa kukumbuka kwamba chama kimoja chaweza kuwa na tawi la watu waungwana katika chuo hiki na tawi la wahuni katika chuo cha jirani, kwa hivyo jina kubwa la chama halitoshi. Kijana aulize ada yote kwa mwaka ni kiasi gani, wastani wa alama za wanachama ni upi, waliohitimu miaka mitano iliyopita wako wapi, na katika wiki za kukaribishwa atatakiwa kufanya nini, saa ngapi, mahali gani. Tawi lisilotaka kujibu swali hilo la mwisho litakuwa limekwisha kulijibu. Nayo ripoti ya chuo husomwa bila malipo, na mzazi aweza kuifungua akiwa nyumbani Voi kabla ya kupiga simu ya kukubali au kukataa.